Kifungua Mimba

"Kifungua mimba anasafiri leo, kabla ya saa tisa. Mpokeaji yuko tayari."

Ujumbe ulinaswa saa nne na dakika kumi asubuhi. Simu iliwashwa, ikatuma, ikazimwa. Haikuwashwa tena.

Saa tano kasorobo, Shemeji alisimama kwenye mlango wa chumba cha daktari wa meno, mkono mmoja ndani ya koti. Kitini alilala mzee mmoja, mdomo wazi, macho yamemtoka pima.

"Foleni iko nje," daktari wa meno akasema bila kugeuka.

"Sina jino bovu, dada. Nina gari chini, na injini inawaka. Vua glavu twende."

"Wewe ni nani?"

"Shemeji."

"Sina mume. Shemeji nimempata wapi?"

Alimwonyesha kitambulisho. Daktari wa meno aliisoma ile nembo mara mbili, akavua glavu, akamwambia mzee asifunge mdomo mpaka msaidizi aje. Mzee hakuwa na namna ya kubisha.

Kwenye kitengo chao cha siri cha serikali waliliona jina la Shemeji linamfaa. Shemeji akibisha hodi hufunguliwa, hukaribishwa, na hakuna anayethubutu kumuuliza amefuata nini. Jina lake la kwenye faili alilijua Mkuu peke yake.

Na huyu binti, daktari wa meno? Mama yake alikuwa Daktari, mkuu wa maabara ya virusi, yule aliyetengeneza chanjo ya homa ya figo. Faili lilisema: watoto, mmoja. Basi kifungua mimba ni huyu. Kitengo kizima kilikubaliana kwa dakika tatu, watu ambao hata suala la chai ya saa nne huwashinda wiki nzima.

Watamteka binti. Watamshurutisha mama. Mama atatoa siri za chanjo.

Hesabu ilikuwa rahisi mno. Shemeji hapendi hesabu rahisi.

Subaru ya kijivu iliwapata kwenye mzunguko wa kwanza.

"Lala chini, dada."

"Nimevaa nguo safi!"

"Lala nazo."

Probox ya kitengo kwa nje ni gari la kubebea mayai. Kwa ndani ni habari nyingine. Shemeji alikanyaga mafuta, akakata kushoto, akapenya katikati ya malori mawili ya saruji. Subaru ikaja. Akaingia barabara ya maduka ya mabati, akatoka upande wa pili. Subaru ikaja.

Ikapiga honi.

Shemeji alitazama kioo. Anayeteka hapigi honi.

Alibonyeza kitufe chini ya usukani. Vibao vya namba vikageuka, cha mbele na cha nyuma. Akachepuka, akaingia kwenye banda la kuoshea magari, akajificha nyuma ya mapovu. Subaru ikapita kasi, honi juu, mpaka sauti ikapotea.

Alihesabu hadi mia mbili. Haikurudi kuwatafuta.

"Wamekata tamaa?" binti akauliza kutoka chini ya kiti.

"Mapema mno," Shemeji akajibu.

Nyumba ya siri ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Watu wanne walimpokea binti, wakiongozwa na Kiboko, jitu la mabega mapana lenye sauti ya kunong'ona. Ndani alikuwepo na mtu wa tano, mwembamba, nadhifu, kalamu tatu mfuko wa shati.

"Mjomba!" Binti alimkumbatia.

Huyo ndiye mdogo wake Daktari, tumbo moja, kitinda mimba wa kwao. Alifanya kazi na dada yake maabara ile ile. Kitengo kilimpigia simu asubuhi, akaja mwenyewe bila kusukumwa.

Redio ya Motorola ikakoroma. Sauti ya Mkuu.

"Shemeji. Mjomba ametoa wazo zuri. Tumtoe sisi kabla hawajamtoa wao. Ndege yetu ndogo, saa nane na dakika arobaini. Mjomba ataongozana naye."

"Nani anajua njia?"

"Kiboko. Na wewe, ambaye huendi. Mama yake hapokei simu. Nenda kamwambie ana kwa ana. Mwisho."

Mjomba alimshika Shemeji mkono kwa mikono miwili. "Asante sana, ndugu yangu. Mimi napitia nguo zake nyumbani, tutakutana uwanjani." Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. Shemeji alimwonea huruma. Baadaye alijilaumu kwa huruma hiyo.

Njiani simu yake ya mkononi ililia. Mkewe.

"Baba, uko wapi?"

"Kazini."

"Ameshaunganishwa na mashine. Anauliza kama utafika kabla hawajaizima."

"Mwambie nakuja."

"Ulimwambia hivyo Jumanne."

Akakata. Shemeji hakumlaumu. Kijana wao alikuwa na miaka tisa, na tangu homa ya figo ipite miaka mitatu iliyopita, damu yake husafishwa na mashine siku tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne. Wodi nzima ya watoto iliisha mwaka ule. Wa kwao alibaki, figo zake hazikubaki. Nyumbani yuko mdogo wake wa kike, miaka miwili, anayeshika kila kitu na kukitia mdomoni. Chanjo bado ilikuwa kwenye majaribio. Shemeji alikuwa akihesabu miezi, na kila mwezi aliuogopa.

Saa saba na nusu alifika maabara. Aliacha simu na redio kwa mlinzi, kama sheria ya pale inavyotaka, akavishwa koti jeupe lililombana kwapani. Daktari alikuwa ameinamia darubini. Mama wa makamo, mfupi, miwani imefungwa na kamba shingoni.

"Shikamoo, Daktari. Natoka serikalini. Kuna watu wanataka kumteka kifungua mimba wako."

Daktari aliinua uso. Akacheka.

"Kifungua mimba wangu yuko kwenye friji."

Shemeji amesikia mengi katika kazi hii. Hilo hakuwahi kulisikia.

"Namaanisha binti yako."

"Binti yangu ni wa pili," Daktari akasema, na kicheko kikaisha. "Hilo neno umelipata wapi?"

"Kwenye ujumbe wa simu. Kifungua mimba anasafiri leo."

Mama yule alisimama. Alitembea hadi kwenye pipa la chuma lililokaa pembeni, akavaa glavu nene, akafunua. Moshi mweupe wa baridi ukamwagika hadi sakafuni. Akavuta fremu ndefu iliyopangwa vichupa. Akatazama. Akairudisha, akaivuta tena, kama mtu anayetafuta funguo pale pale alipozitafuta kwanza.

"Vilikuwa sita," akasema. "Vifuniko vya njano."

Kwenye sinki, chini ya kitambaa, walivikuta vitano. Vimeyeyuka. Maji ya bomba bado yalikuwa yakidondoka juu yake.

Daktari aliegemea meza. Shemeji alimpa muda wa pumzi tatu, hakuwa na zaidi.

"Nieleze. Kwa kifupi. Kama unamweleza shemeji."

Alichukua kipande cha kamba ya miwani yake, akakisokota vidoleni.

"DNA ya kirusi hiki ni duara. Nyuzi mbili, zimesokotana hivi. Ili kirusi kizaliane lazima nyuzi zifunguliwe zinakiliwe. Lakini hazifunguliwi popote tu. Kuna sehemu moja, herufi sitini na kitu, tunaiita mwanzo. Ipo protini moja inayoitambua. Chembe zake za kwanza zinakaa pale, zinawaita wenzao, mpaka wanafika sita upande huu na sita upande ule. Pete mbili, zimeuzunguka uzi. Zinachota nguvu ya seli yenyewe, zinapinda, zinasukuma. Pembeni pana herufi A na T kwa wingi, na hizo zimeshikana kwa vifungo viwili tu. G na C zina vitatu. Basi pale palipo dhaifu, uzi unaachia."

"Unafunguka."

"Unafunguka. Na tumbo la kirusi limefunguliwa. Ndiyo maana tukaiita hivyo, humu ndani, kifungua mimba."

"Halafu?"

"Pete moja inakwenda kulia, nyingine kushoto, zikiendelea kuzichana nyuzi. Sasa sikiliza, hapa ndipo watu huteleza. Kirusi hakina fundi wa kunakili. Fundi ni wa seli. Na fundi huyo ana ila moja: hajui kuanza, anajua kuendeleza tu. Lazima kwanza awekewe kipande kifupi cha RNA, herufi kama kumi, ashike hapo. Anayemwekea naye ni wa seli. Kifungua mimba kazi yake ni kufungua mlango na kuwaita. Wanakuja wote na vyombo vyao. Seli inafanya kazi mpaka inakufa, ikidhani ni kazi yake."

Shemeji alihisi ubaridi mgongoni, na haukutoka kwenye pipa.

"Na vichupa?"

"Chanjo yetu ni kirusi kile kile, tumekichana ukurasa unaoandika hiyo protini. Kinaingia mwilini, kinga inaiona sura yake, inajifunza. Lakini hakijui kuanza, kwa hiyo hakizai. Ili tuikuze chanjo tunahitaji seli zenye ukurasa huo ndani yao. Ndizo zilizokuwa kwenye vichupa. Miaka sita ya kazi. Bila hizo hakuna hata dozi moja mpya."

"Na mtu mwingine akizipata?"

"Mwezi uliopita kampuni moja ya nje ilituomba sampuli mia za chanjo, za utafiti. Tukawapa. Kitabu wanacho. Kilichobaki ni ukurasa." Alivua miwani. "Watakirudishia. Halafu watauza dawa ya ugonjwa walioufufua wenyewe."

Akilini Shemeji alimwona binti yake mdogo, vidole mdomoni.

"Nani analijua hilo jina? Kifungua mimba wa kwenye friji?"

"Watu wawili duniani." Daktari alivaa tena miwani. "Mimi. Na aliyelitunga."

"Nani?"

Macho yake yalikwenda kwenye meza ya pili, ya mdogo wake. Machozi yalijibu.

Kirusi hakina fundi wake. Kinawaita wa mwenye nyumba. Nani alitoa wazo la ndege? Mjomba. Nani alijua simu ile itanaswa, na walio nje ya maabara watalisikiaje neno lile? Mjomba. Subaru iliyopiga honi ilikuwa ya kuwatisha tu. Na msafara wa serikali haukaguliwi. Ndege ya serikali haikaguliwi. Kitengo chenye magari, redio na bunduki kilikuwa kinamsafirishia mwizi mzigo wake, kwa jasho lake, kikijipongeza.

Kabla ya saa tisa. Ujumbe ulikuwa unatimizwa na wao wenyewe.

Saa nane na dakika nane. Alishuka ngazi tatu tatu, akanyakua redio kwa mlinzi.

"Mkuu. Simamisha msafara. Mwizi ni Mjomba."

"Mjomba gani?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, Mkuu. Simamisha!"

Redio ikakoroma. Kisha sauti iliyozeeka ghafla. "Wameshaondoka. Wako kwenye Kimya cha Safari."

Shemeji aliapa kwa sauti. Kimya cha Safari: msafara ukishatoka, simu zinazimwa, redio zinazimwa, hakuna amri inayopokelewa isipokuwa kutoka mdomoni mwa ofisa aliyesimama mbele yako. Kanuni nzuri. Iliandikwa baada ya adui mmoja kuigiza sauti ya Mkuu.

Aliyeiandika ni Shemeji.

Mchimba kisima, safari hii, alikuwa anaogelea ndani yake.

Probox ilikuwa imezibwa na lori la mitungi ya gesi. Pembeni, mlinzi wa maabara alikuwa ameegesha Yamaha yake.

"Funguo."

"Lakini bosi, breki ya nyuma—"

"Sina mpango wa kufunga breki."

Kilomita kumi na nne. Saa ya Casio mkononi ilisema saa nane na dakika kumi na mbili. Alipita juu ya ukingo wa barabara, akapita katikati ya foleni, akapita kwenye uwanja wa shule ambako wanafunzi walishangilia wakidhani ni sehemu ya michezo. Kwenye taa nyekundu hakutazama. Jasho lilimwingia machoni, koti jeupe la maabara likimpepea mgongoni, kwani alikuwa amesahau kulivua.

Saa nane na dakika thelathini na moja, alivunja kizuizi cha lango la mizigo.

Cessna Caravan nyeupe ilikuwa mwisho wa lami, panga likizunguka. Binti alikuwa kwenye ngazi ya pili. Chini yake Mjomba, ameshika mtungi wa chuma wenye mkanda, mkubwa kama chupa ya chai ya harusini. Kiboko na watu wake watatu walifanya nusu duara. Bastola nne zikamgeukia mwendesha pikipiki.

"Simama hapo hapo!"

"Kiboko, ni mimi!"

"Naona ni wewe," Kiboko akanong'ona. "Umeandika mwenyewe: anayekuja mbio, msimamishe kwanza."

Shemeji aliacha pikipiki ianguke. Mikono juu.

"Shuka, dada."

"Asubuhi panda gari, mchana shuka ndege," binti akasema. "Wewe shemeji una matatizo."

"Usimsikilize, mama," Mjomba akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya kubembeleza. "Jiulize. Asubuhi nani alijua mtapita wapi? Mlifuatwaje? Huyu ndiye waliyemnunua."

Kiboko aliinua bastola kidogo. Haikuwa dharau, ilikuwa kanuni.

"Fungueni huo mtungi," Shemeji akasema.

"Ni vifaa vya dada yangu. Ukifunguliwa vinaharibika. Mkuu wenu mwenyewe ameruhusu visikaguliwe."

Kweli tupu. Ndani ya ndege, rubani mwenye miwani nyeusi aligonga dirisha kwa kidole, akionyesha saa. Shemeji hakuwa na karatasi, hakuwa na picha, hakuwa na shahidi. Alikuwa na neno moja tu.

"Dada, ulielezwa kwa nini tulikuja kukuchukua?"

"Vitisho."

"Maneno yenyewe hukuambiwa. Ujumbe ulisema: kifungua mimba anasafiri leo."

Binti aligeuka. Akateremka ngazi moja.

"Ulisema nani?"

"Kifungua mimba."

"Mimi si kifungua mimba."

Kiboko alikunja uso. "Faili linasema mtoto ni mmoja."

"Faili lenu linahesabu walio hai." Akateremka ngazi ya mwisho. "Kabla yangu alikuwepo kaka. Aliishi siku tisa. Kwetu hakuna anayeniita mimi hivyo, hata kwa utani. Bibi aligombana na jirani miaka miwili kwa ajili ya neno hilo." Alimgeukia mtu aliyesimama kando yake. "Mjomba. Wewe unalijua. Ni wewe uliyembeba kwenda kuzikwa. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, ukakataa mtu mwingine asimguse. Mama amenisimulia mara ngapi?"

Mjomba alikaza mkono kwenye mkanda wa mtungi.

"Nani aliandika huo ujumbe, Mjomba?"

Bastola ya Kiboko ilihama taratibu. Ilihama kutoka kifuani mwa Shemeji.

Ndipo Mjomba alipofungua mtungi. Moshi mweupe ukapanda. Mkono ukaingia, ukatoka na kichupa kidogo chenye kifuniko cha njano.

"Nyote mrudi nyuma." Utulivu ule ulikuwa umekwisha. "Kifungua mimba mwenyewe ni huyu, kimebaki kichupa kimoja. Nikikifumba kiganjani dakika mbili, chanjo yenu kwisha. Nipisheni nipande."

Shemeji alianza kuhesabu kichwani. Moja. Mbili. Tatu.

"Kwa nini, Mjomba?" binti akauliza.

"Kwa nini?" Alicheka vibaya. "Mimi ndiye niliyeziona zile pete mbili zikiufungua uzi. Mimi! Usiku wa kumi na moja bila kulala. Redioni likasomwa jina la nani? La dada. Kila aliyekuja maabara aliniambia mimi nimletee kiti. Hawa wamenipa jengo. Jengo zima, jina langu mlangoni."

Kumi na nane. Kumi na tisa.

Shemeji angeweza kupiga. Umbali ulikuwa hatua kumi na mbili, na kwa hatua hizo hakuwahi kukosa. Lakini kichupa kingeanguka kwenye lami ya saa nane mchana, lami inayokaanga. Alimwona mwanawe kwenye mashine. Alimwona na binti yake mdogo. Akaishusha mikono taratibu, mmoja ukaishika bastola kiunoni bila kuichomoa.

"Mjomba." Binti alisogea, mkono mbele, kiganja juu, kama anavyomwomba mgonjwa afungue kinywa. "Yule ulimbeba mpaka mwisho, na hukumwachia mtu. Huyu mwache aende kwa mama."

Ishirini na tisa. Thelathini.

Midomo ya Mjomba ilitikisika. Mtu mzima, kalamu tatu mfukoni, akalia mbele ya watu wenye silaha. Kiganja kikafunguka.

Binti alikichukua, akakitumbukiza kwenye mtungi, akakaza kifuniko.

Arobaini na moja.

Mlango wa rubani ulifunguka kwa teke.

"Chini!" Shemeji akapiga kelele.

Mpokeaji alikuwa tayari, kama ujumbe ulivyosema. Risasi yake ya kwanza ilipasua taa ya Yamaha. Ya pili haikutoka. Bastola ya Shemeji, Glock 19, ililia mara moja, bega la mtu yule likageuka, bunduki ndogo ikaanguka chini ya bawa. Kiboko alimfikia kwa hatua nne, akamlalia. Kwa uzito ule, pingu zilikuwa ziada.

Panga la ndege lilipunguza mwendo, likasimama.

"Rubani wetu yuko wapi?" mmoja wa vijana wa Kiboko akauliza.

"Aliumwa tumbo asubuhi," Kiboko akanong'ona. "Kampuni ya marubani ikaleta huyu." Alimtazama Shemeji. "Samahani, kaka. Ningekupiga kweli."

"Ungenikosa?"

"Mimi? Nisingekukosa."

"Basi umefanya kazi vizuri."

Redio ilirudi hewani, sauti ya Mkuu.

"Shemeji, hali?"

"Mzigo upo. Mpokeaji anavuja damu kidogo, ataongea. Mjomba yuko chini ya ulinzi."

"Na binti?"

"Anadai mgonjwa wake bado ameachama. Anataka gari."

Saa kumi kasoro dakika tano, Daktari alipokea mtungi kwa mikono miwili. Alitoa kichupa, akakiyeyusha haraka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka barafu ikabaki chembe, kisha akazimimina seli kwenye chakula chake, maana zikiyeyuka bila hicho hufa. Akachukua tone, akalichanganya na rangi ya buluu, akaliweka chini ya darubini. Shemeji alisimama nyuma yake, koti jeupe limechanika kwapa zote mbili.

"Zilizokufa zinaingiwa na rangi," Daktari akasema, akibonyeza kihesabio kidogo cha mkononi. "Zilizo hai zinaikataa."

Tik. Tik. Tik. Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko barabara yote ya uwanja wa ndege.

"Hamsini na nane kwa mia."

"Zinatosha?"

"Zitakua. Kesho asubuhi nazigawa mara mbili, na safari hii nazitunza majengo matatu tofauti."

"Na chanjo? Ya watoto wote, si ya majaribio."

"Tusipoharibiwa tena, miezi minane."

Binti mdogo wa Shemeji atakuwa hajafika miaka mitatu. Shemeji aliitikia kwa kichwa.

Daktari alizima taa ya darubini. Kwa muda alifuta miwani ambayo haikuwa na doa.

"Siku ile alipolitunga hilo jina, aliniuliza kwanza kama lingeniumiza. Nikamwambia aliache. Nilitaka kitu chenye jina hilo kiishi." Akavaa miwani. "Wamemfunga pingu?"

"Ndiyo."

"Mbele au nyuma?"

"Nyuma."

"Ana bega bovu la kushoto, tangu utotoni. Mikono ikirudi nyuma hawezi hata kukaa." Aligeukia vichupa vyake haraka. "Simtetei mtu. Nasema tu."

Shemeji aligeukia mlango. Alitoka, akavua lile koti, akamkabidhi mlinzi pamoja na funguo za Yamaha na ahadi ya taa mpya. Kisha akabonyeza redio.

"Kiboko."

"Nakusikia."

"Mfungue Mjomba. Mfunge mikono mbele."

"Kanuni inasema nyuma."

"Kanuni nimeiandika mimi. Mbele."

Akashuka ngazi za nje moja moja, mikono mfukoni. Ilikuwa bado saa nzima kabla mashine ya mwanawe haijazimwa.